Nyasi Nyumbani kwa Mtu wa Zege

Jumatatu, 3 Juni

Cuchara amekojoa tena ukumbini, mara ya tatu tangu Ijumaa. Mama alifuta. Baba alisimama mlangoni na buti zake, akakiangalia kile kidimbwi, akamwangalia mbwa, kisha akaniangalia mimi kana kwamba tulishirikiana.

"Si kosa lake," nikasema, lakini kwa sauti ndogo mno, nadhani nilijisemea mwenyewe.

Ana miaka kumi na miwili na nyonga zake zimechoka. Uani kwetu ni vumbi na mbigili tupu. Kila akijaribu kutoka hurudi akichechemea, mguu mmoja juu, anasubiri mtu amng'oe mwiba. Sasa hataki kutoka kabisa. Akibanwa huenda nyuma ya kabati la viatu akamaliza shida yake huko, masikio yamelala kwa aibu.

Wakati wa chakula cha jioni Baba alitoa hukumu. Ataumwagia ua wote zege, ukuta hadi ukuta, mbigili zife. "Na nimempa miezi miwili," alisema. "Nimeshapiga simu kwa daktari wa mifugo. Ijumaa tarehe mbili Agosti, saa nne. Kama bado anajichafua ndani, basi. Mnyama asiishi kwa aibu."

Sote tulijua ni miadi ya sindano ya kumlaza milele. Mama aliinuka akaenda kuzima jiko ambalo lilikwisha kuzimwa.

Cuchara ni mbwa wa Baba. Alimwokota kwenye eneo la ujenzi akiwa mdogo kuliko ndoo, akampa jina la mwiko wake wa uashi, kwa Kihispania. Miaka tisa walikwenda kazini pamoja kila alfajiri, yeye kwenye kiti cha mbele. Mimi sikwenda hata siku moja. Niliogopa mashine. Nilisoma, nikawa karani wa vibali vya ujenzi hapa Tucson, nagonga mihuri kwenye karatasi za watu wanaojenga.

Ofisini wanatufundisha kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Ndiyo maana naandika.

Jumatano, 5 Juni

Mbigili kumi na moja kwenye mguu mmoja. Nimezihesabu.

Jumamosi, 8 Juni

Baba Mdogo Tacho alikuja kupima ua. Si ndugu wa damu. Ndiye aliyenishika nikibatizwa, na amefanya kazi na Baba tangu kabla sijazaliwa. Ni mnene, ana kipara, na hajawahi kuingia kwetu kimya kimya.

"Karani! Shika ncha ya utepe. Angalia usijikate, huu ni chuma, si karatasi."

"Karatasi nayo hukata, Baba Mdogo."

"Sikia, Refugio!" akamwambia Baba. "Ndiyo ajali zao za kazini hizo!"

Walicheka mpaka Baba akashika magoti. Magoti hayo ndiyo yaliyomtoa kazini mwaka jana. Waliandika vipimo kwenye ubao kwa penseli, si kwenye daftari. Lori la zege litakuja Jumamosi tarehe sita Julai, kabla ya jua, kwa sababu kiangazi hiki zege hukauka mikononi. Watakuja watu wanne wa zamani.

"Zege langu la mwisho," Baba alisema. Alimwambia Tacho lakini alikuwa anautazama ule ua mtupu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeangalia chakula kizuri. Sijamwona hivyo tangu aache kazi.

Jumanne, 11 Juni

Mteja mmoja alileta michoro ya nyumba ya kulelea mbwa wa watu wanaosafiri. Sakafu ya nje yote ni nyasi bandia. Nilimwuliza maswali mengi kuliko yanayohusu kibali, mpaka Bi Pruitt, msimamizi wangu, akakohoa. Yule mteja akanipa kipande cha mfano, kikubwa kama kitabu, na maelekezo ya kurasa nne.

Nimezisoma mara tatu. Chini huchimbwa, hujazwa kokoto laini, hushindiliwa, huinamishwa kidogo upande mmoja. Mgongo wa nyasi una matundu. Maji na mkojo hupita hapo, huzama kwenye kokoto. Ukurasa wa tatu unasema, kwa herufi nzito, kwamba chini yake pasiwekwe kitu chochote kisichopitisha maji. Nyuzi zake ni nene, na kucha za mbwa hushika.

Nimekileta nyumbani ndani ya begi, chini ya sanduku la chakula, kama mtu aliyeiba.

Alhamisi, 13 Juni

Nilitoka kazini mapema. Baba hayupo. Nikachukua kile kipimajoto chake cha kulenga, alichokuwa akipimia zege.

Saa tisa, juani. Zege la banda la gari, pale jua linapofika: digrii 147 za Fahrenheit. Kipande changu cha nyasi, mahali hapo hapo: 161.

Nilipima tena. 161.

Nikakaa chini kwenye ndoo. Nilikuwa nimeshapanga hotuba nzima kichwani, na hotuba yote ilianzia kwenye miguu ya mbwa kuungua. Baadaye nikakihamishia kivulini: dakika kumi, 103. Saa mbili usiku zege lilikuwa bado 119, nyasi 96. Kwa hiyo nyasi huwaka haraka na kupoa haraka, lakini zinataka kivuli. Ukweli ndio huo. Lakini ile 161 imeandikwa kwenye karatasi kwa mkono wangu, na karani anayeficha tarakimu si karani.

Jumapili, 16 Juni

Sikukuu ya akina baba. Sikukusudia kusema leo. Nyama ilikuwa motoni, tortila, chapati zetu, zimefunikwa kitambaa, Tacho na Baba wana bia.

"Efrén ana neno," Mama akasema.

"Sina."

"Analo. Limo kwenye begi lake tangu Jumanne."

Nikakitoa. Baba akakigeuza-geuza. "Hiki nini? Kapeti la bafuni?"

"Lete hapa," Tacho akasema, akakiweka juu ya kipara chake. "Refugio, nioe!"

Hata Mama alicheka. Mimi nikasimama nikasoma karatasi yangu, nikianza na tarakimu mbaya, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nilipofika 161 Baba alishusha chupa.

"Yaani mwanangu ameniletea nyasi zinazowaka kuliko zege. Na amepima mwenyewe. Kwa kipimo changu."

"Kivulini, Baba, ni..."

"Kivuli kinauzwa pamoja nazo?"

"Hapana."

"Miaka thelathini na mmoja." Hakupaza sauti. "Nenda mji huu popote, unakanyaga kazi yangu. Halafu watu waje kwa Refugio Bojórquez wakute plastiki."

Sikuwa na hamu ya kula. Lakini naandika pia hili, kwa haki: wakati Tacho anaendelea na utani, Baba alikuwa anakipapasa kile kipande kwa kidole gumba, upande wa nyuma, pale penye mshono, jinsi anavyopapasa kazi ya fundi mwingine.

Jumatatu, 24 Juni

Siku ya Mtakatifu Yohane. Wazee husema mvua huanza leo. Mama amemnyunyizia kila mtu maji kichwani, na Cuchara pia. Digrii 109. Hakuna wingu.

Alhamisi, 27 Juni

Amejichafua nyuma ya kabati. Nimesafisha kabla Baba hajaamka. Hii ni mara ya nne nasafisha bila kusema.

Jumamosi, 29 Juni

Niandike polepole.

Zege la banda la gari Baba alilimwaga nikiwa na miaka tisa. Alilipitisha mwiko wa chuma mara saba mpaka likang'aa kama sahani. Wageni hupelekwa kulitazama. Asubuhi hii alikuwa analiosha kwa mpira wa maji, nami nilikuwa mlangoni na kahawa.

Gari la Tacho likasikika kwenye kona. Cuchara alikuwa amelala ukumbini. Anaujua mlio ule kuliko anavyolijua jina lake. Miaka yote ulimaanisha kazi. Aliinuka, akanipita, akakimbia. Sikuwa nimemwona akikimbia tangu Krismasi. Alipofika kwenye zege lililolowa, miguu ya nyuma ilikwenda kila mmoja upande wake, akakaa chini amepanuka kama chura, akajaribu kuinuka, ikateleza, akajaribu tena. Hakulia. Kilichosikika ni kucha tu, zikikwaruza mahali pasipo na pa kushika.

Baba aliachia mpira wa maji. Akapiga magoti ndani ya yale maji, magoti yale yale, akampitishia mikono chini ya tumbo. Tacho alikuwa ameshuka garini na amenyamaza.

"Nililipitisha mara saba," Baba akasema.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari Whitlock anasema hakuna mfupa uliovunjika, ni misuli imevutika. Upasuaji kwa umri huu haupendekezi. Anahitaji ardhi laini, inayoshika. Alisema hivyo akimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama sakafu ya daktari. Kisha akauliza nani aliimwaga.

Jumatatu, 1 Julai

Kwenye chai, bila kuniangalia: "Ile takataka yako inauzwa vipi?"

"Kwa futi za mraba, Baba."

"Ulizia. Na mpigie Tacho. Sema lori lisije."

"Mimi nimpigie?"

"Mimi nitamwambiaje?"

Nikapiga kutoka chooni. Nikamwambia Tacho lori lisije.

"Refugio analia?" akauliza.

"Hapana."

"Basi nakuja hiyo hiyo Jumamosi, na mashine ya kushindilia. Bia iwe baridi. Na wewe, Karani, ulikuwa sahihi, lakini usiringe."

Siringi.

Jumamosi, 6 Julai

Tulianza kabla ya jua, wanne: Baba, Tacho, jamaa mmoja wa zamani aitwaye Melitón, na mimi kwenye toroli. Walichimba inchi nne. Baba alisimika nguzo nne za wavu wa kivuli. "Angalau nguzo zipate zege," alisema, akakoroga mfuko mmoja mwenyewe kwenye ndoo, polepole, hakumruhusu mtu kumsaidia. Melitón alimpa kisogo kwa heshima, kama mtu anavyofanya mwenzake akisali.

Saa tatu hivi Baba alikwenda banda la gari akarudi na gombo la nailoni nyeusi, nene. Akaanza kuitandika juu ya udongo, kabla ya kokoto.

Nilijua. Naandika hapa kwamba nilijua, wakati ule ule, bila shaka yoyote. Chini ya zege hutandikwa nailoni ili unyevu usipande. Mikono yake imefanya hivyo miaka thelathini na mmoja, na leo ilifanya bila kumwuliza. Ukurasa wa tatu, herufi nzito. Niliuona ule ukurasa mbele ya macho yangu.

"Baba," nikasema.

"Nini?"

Aligeuka, amelowa jasho, ana furaha. Alikuwa anafanya kazi na watu wake. Tacho na Melitón wakageuka pia.

"Unataka maji?" nikauliza.

"Lete."

Nikaleta. Akanywa yote, akanirudishia kikombe, akatandika nailoni hadi kwenye ukuta, akaikata pembeni sawasawa kabisa. Kisha kokoto zikaja juu yake na haikuonekana tena.

Jumapili, 7 Julai

Nyasi zimewekwa, zimepigiliwa, zimenyunyiziwa mchanga wa kunyonya harufu. Wavu wa kivuli umefungwa. Saa kumi na mbili jioni Mama alifungua mlango wa nyuma. Cuchara alinusa kizingiti, akaweka mguu mmoja, akausubiri mwiba. Haukuja. Akaweka wa pili. Akatembea hadi katikati, akachutama, akakojoa kwa muda mrefu sana.

Mama alilia. Tacho akapiga makofi. "Bibi arusi amekubali!" Baba alinigonga bega kwa ngumi, na lile bega bado linauma.

Nilipaswa kuwa na furaha kuliko wote. Nilikuwa natazama ule mkojo, naujua unakokwenda.

Jumatano, 10 Julai

Hajajichafua ndani siku tatu.

Jumatatu, 15 Julai

Digrii 111. Harufu kidogo, upande wa ukutani. Nimemwaga ndoo mbili za maji. Si vyema, najua.

Alhamisi, 18 Julai

Harufu ni kubwa. Baba alirudi ndani amekunja pua. "Nyasi zako zinanuka, Karani."

"Zinahitaji kuoshwa."

"Zege ningeliosha mara moja tu. Plastiki ni plastiki."

Mama aliniangalia. Nadhani aliona kitu usoni mwangu, kwa sababu aliniongezea maharage ambayo sikuomba.

Nilirudia kuyasema mbele ya kioo: Baba, kuna nailoni. Maneno matatu. Kwenye kioo yanatoka vizuri.

Jumatatu, 22 Julai

Mvua imekuja.

Saa kumi na moja ukuta wa vumbi ulitokea kusini, wa kahawia, ukafuta milima, halafu upepo, halafu maji yakashuka yote kwa pamoja. Nilikuwa nimefika tu. Mama alikuwa anakimbia kufunga madirisha. "Cuchara!" akaita. "Alitoka sasa hivi!"

Nikafungua mlango wa nyuma. Ua ulikuwa bakuli. Maji hayakuwa na pa kwenda. Yalikuwa yamekaa juu ya ile nailoni na yanapanda, na nyasi zilikuwa zimeng'oka katikati, zimevimba kama tumbo, zinapanda na kushuka. Cuchara alikuwa juu ya lile tumbo. Kila alipokanyaga, palizama. Kokoto zilikuwa zinachomoka pembeni. Harufu ya wiki mbili yote ilikuwa imepanda juu. Akateleza, akaingia chini ya ukingo uliofunuka, nikaona mgongo tu.

Mimi nilisimama. Ndivyo ilivyokuwa. Baba alinipita, maji yakamfika mashavu ya miguu, akaanguka mara moja, akainuka, akauinua ule ukingo kwa mkono mmoja na kumvuta mbwa kwa ngozi ya shingo kwa mkono mwingine. Alimbeba mpaka ndani na wote wawili walikuwa wanatetemeka, sikuweza kujua nani anamtetemesha mwenzake.

Mvua ilipokatika ilikuwa imedumu dakika arobaini.

Jumanne, 23 Julai

Mama alifungua mlango wa nyuma. Cuchara alitazama, akatetemeka, akarudi nyuma ya kabati. Tulimbeba hadi nje. Alilala chini akagoma.

"Tumejaribu, Amparo," Baba akamwambia Mama jikoni. Alidhani sisikii. "Hakuna anayeweza kusema hatukujaribu. Miadi ipo pale pale."

Jumatano, 24 Julai

Nimesema.

Alikuwa banda la gari anafuta miko yake kwa mafuta, ingawa hakuna iliyotumika.

"Baba, chini ya zile nyasi kuna nailoni."

"Najua. Niliitandika mwenyewe."

"Haitakiwi. Maji hayana pa kupita. Mkojo pia. Ndiyo maana zilinuka, ndiyo maana zilielea."

"Nani kasema?"

"Maelekezo. Niliyasoma kabla."

"Kabla ya lini?"

"Kabla ya tarehe sita."

Akaweka mwiko chini. "Kwa hiyo uliona."

"Niliona."

"Ukasimama pale. Ukaniuliza kama nataka maji."

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi nikanywa."

Nikasema kitu pekee kilichobaki. "Nilikuogopa."

"Mimi?" Aligeuka, kweli kabisa, akatazama nyuma yake. "Nimekupiga lini?"

"Hujawahi."

"Basi?"

Jibu nimelitafuta hapa usiku mzima na silipati. Si mkono wake. Labda ni vile yeye anavyojua kila kitu kwa mikono, nami sijui kitu mpaka nikisome.

Akakaa kwenye ndoo. Akaanza kusema bila kuniangalia. Mwaka mmoja mbao za ukuta zilipasuka wakiwa wanamimina, zege likamfunika Tacho hadi kiunoni. Kijana mmoja wa kazi alikuwa ameona tangu asubuhi kwamba ubao umelegea. Alinyamaza kwa sababu alimwogopa Baba.

"Aliyepigilia vibaya sikumfukuza," alisema. "Kila mtu hupigilia vibaya. Nilimfukuza aliyeona."

Nikangoja.

"Wewe siwezi kukufukuza, mama yako atanifukuza mimi." Akajipangusa uso kwa kile kitambaa cha mafuta, ukabaki mstari mweusi. "Jumamosi tunafumua. Wewe ndiye msimamizi. Mimi ni kibarua. Kibarua hafikiri, anaambiwa. Kwa hiyo lazima useme, Efrén. Usiposema, nitasimama tu pale na koleo."

Jumamosi, 27 Julai

Alfajiri alikuwa ameshafika uani, na koleo. "Haya, bosi."

Nilidhani ni mzaha. Nikangoja aanze. Hakuanza. Tacho alikaa kwenye toroli akala tortila yake, ana furaha ya mtu aliyelipia tiketi. "Bosi, naomba ruhusa ya kukohoa."

"Tuanze na nyasi," nikasema. "Tafadhali."

"Tafadhali!" Tacho akasema. "Refugio, miaka yote hukuwahi kuniambia tafadhali. Nahamia kwa huyu."

Tulizing'oa nyasi, tukazisugua, tukazianika ukutani. Kokoto zikatoka. Baba alipofika kwenye nailoni aliiinua kwenye kona. Chini udongo ulikuwa mkavu kama siku tuliyouchimba. Juu, maji yalikuwa bado yamekaa, ya njano. Aliangalia muda mrefu, kisha akaikunja vizuri, kona kwa kona, kama shuka.

Kokoto zilizosafishwa zikarudi. Alizisawazisha kwa ule ubao wake mrefu, anauvuta anarudi nyuma, anauvuta, na hakuna mtu mji huu anayeweza kuvuta vile. Nikaweka pima maji, kile kipimo cha usawa. Nikaweka tena, mahali pengine.

Kipovu chake kilikuwa katikati kabisa.

"Hapana, Baba."

Tacho aliacha kutafuna.

"Hapa pamelala. Maji yatasimama."

Baba alishuka taratibu, akalaza shavu lake karibu na ardhi, akafumba jicho moja. Nilisikia anavyopumua.

"Kiasi gani?"

"Nusu inchi. Kuelekea ukutani."

"Robo tatu."

"Nusu," nikasema. "Nimepima mara mbili."

Akainuka akishikilia nguzo. Akauchukua ubao. Akatoa nusu inchi.

Jumapili, 28 Julai

Nyasi zimerudi, safi. Hataki kutoka.

Jumatatu, 29 Julai

Mama ameweka kuku kwenye kizingiti. Amemla kuku. Hataki kutoka.

Jumanne, 30 Julai

Mvua saa kumi. Nilikuwa kaunta, nikampigia Mama mbele ya Bi Pruitt, sikujali.

"Yamepita?"

"Yamepita, mwanangu. Yanakwenda moja kwa moja, utadhani yana miadi..." Akakata simu.

Nilipofika nyumbani nilitembea uani nikiwa na soksi tu. Nyasi zilikuwa zimekauka. Cuchara alinitazama kutoka ukumbini kama mtu anayemtazama mwendawazimu.

Jumatano, 31 Julai

Amekojoa nyuma ya kabati.

Alhamisi, 1 Agosti

Baba amemwogesha. Amemkausha kwa taulo lake mwenyewe. Baadaye akatoka kuangalia mafuta ya gari, na alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia mafuta.

Ijumaa, 2 Agosti

Niliomba ruhusa ya asubuhi. Bi Pruitt aliuliza sababu, nikasema ni mambo ya familia, akasaini bila kukohoa.

Saa mbili Baba alikuwa amevaa shati jeupe, lile la kanisani. Hakunywa chai. Alisimama kwenye mlango wa nyuma akitazama ua. Kisha akakaa kwenye kizingiti akaanza kufungua kamba za buti.

Sijawahi kuiona miguu ya baba yangu mchana. Ndani ya nyumba huvaa soksi, nje buti. Ngozi ya vifundo na mbele ya miguu, chini ya goti, imejaa makovu ya mviringo, meupe na ya waridi, pale zege lilipoingia ndani ya buti kwa miaka na kula nyama. Hakuwahi kutuambia. Mama aliyajua, niliona, kwa sababu hakushtuka.

Alitembea hadi katikati ya nyasi, chini ya wavu, anatafuta pa kukanyaga kama mtoto. Akashuka: goti moja, mkono, goti la pili, kisha akakaa kabisa na shati lake jeupe, miguu mbele. Hakumwita mbwa. Alikaa tu, anazifinya zile nyuzi kwa vidole vya miguu.

"Ziko laini," akasema, kwa hasira kidogo.

Nilisikia kucha nyuma yangu, kwenye sakafu ya ukumbi. Nikasogea kando bila kugeuka. Mama akashika mkono wangu. Cuchara alifika kizingitini, akasimama pale mpaka nikaanza kuhesabu, nikafika arobaini na mbili, na sikuthubutu kuhesabu zaidi. Miguu ya mbele ikashuka, kisha ya nyuma, mmoja baada ya mwingine. Ikashika. Akaenda hadi kwa Baba, akamnusa makovu, kovu moja moja, akayalamba mawili. Halafu akamzunguka, akaenda kule ukutani panapoinama, akachutama.

Baba alikuwa ametazama upande wa pili, kwa adabu.

Alipomaliza alirudi, akalala na kidevu juu ya mguu wake mtupu. Ilikuwa saa tatu na robo. Nilijua mtu atasema juu ya saa, na nilijua mtu huyo ni mimi.

"Baba, miadi ni saa nne."

"Najua."

"Tunakwenda?"

Alimpitishia mkono mgongoni, kuanzia masikioni hadi kwenye nyonga, polepole, kama anapima kitu.

"Tunakwenda. Nimeshavaa shati." Akainua mguu mmoja wa mbwa, akautazama chini. "Akatwe kucha. Kwa kucha hizi atanichania nyasi."